Tarakimu Zilizokuwa Zikija kwa Mama Neema

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba tulimpoteza Mama Neema, mwimbaji wa kwaya yetu. Pamoja naye ilifungika simu yake, na ndiyo maana naandika kuhusu kazi yangu.

Siku ya kwanza kazini, mratibu alinipeleka kwenye chumba cha maktaba Quakers Hill, kitongoji chetu huku ugenini. Wazee wa Kikongo walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta na makoti yao mwilini. "Daudi," akasema, "wafundishe kujihudumia wenyewe." Nilikuwa nimetoka kubeba mizigo ghalani, shule yangu iliishia darasa la nane. Kazi yenyewe iliitwa ujumuishaji wa kidijitali: mtu asinyimwe huduma kwa sababu hajui mashine.

Kila akaunti ya huduma za serikali ilidai namba ya simu. Ukitaka kuingia, ofisi hutuma tarakimu kwenye simu hiyo, nawe unaziandika kuthibitisha kuwa ni wewe. Simu za wazee zilikuwa hazina chaji, au ziko mikononi mwa wajukuu. Wakaamua wenyewe: iandikwe ya Mama Neema, yake haizimwi. Akiwa jikoni au kwenye treni, wakampigia: "Mama Neema, yangu imefika?"

"Ile simu inanijua kuliko watoto wangu," Mzee Byamungu alitania.

"Watoto wako hawakusomei tarakimu. Mie ninakusomea, na hata samaki huniletei!" Mama Neema akamjibu.

Baadaye nilihamishiwa Parramatta, kitengo cha utetezi wa sera. Huko kazi ni kuwaambia wanaotunga sheria mambo yanavyokwenda huku chini. Bosi wangu, meneja wa sera, alishirikiana na kundi la Ulaya lililokuwa likiandaa mapendekezo kwa serikali za kule kuhusu ujuzi wa kidijitali. Walitaka kusikia watu wa nje. Nikawekwa mbele ya skrini.

Nikawaambia: "Kwetu mwanamke mmoja amebeba milango ya wazee wa kanisa zima. Akianguka, wote wanabaki nje. Andikeni kwamba dirisha la ofisi lenye mtu wa kuhudumia lisifungwe."

Mwenyekiti wao alinishukuru sana. Ripoti ilipotoka, ilisema jamii za Waafrika zina utamaduni imara wa kusaidiana. Dirisha halikutajwa. Nikamuuliza meneja.

"Daudi, lile la dirisha lina gharama. Hili linatia moyo."

Wakubwa wa serikali yetu nao wakaisoma. Chumba cha Quakers Hill kikafungwa, kwa kuwa wazee wanasaidiana. Madirisha ya ofisi yakafuata. Mimi nikastaafu, wakanikatia keki. Nikaila, na meneja akasema sauti yangu imefika mpaka Ulaya. Sijui aliyeisikia huko alisikia nini.

Mama Neema alipofariki, Mzee Byamungu alikuwa anangojea kupasuliwa jicho. Hospitali ilimtaka athibitishe tarehe kupitia akaunti yake kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Simu ya marehemu ipo, lakini namba ya siri ya kuifungua hata binti yake Neema haijui. Mimi na Mzee tukaenda ofisi ya huduma za serikali Parramatta. Mlangoni alisimama kijana mpole mwenye tableti.

"Kubadilisha namba ni rahisi," akasema. "Tunatuma tarakimu kwenye namba ya zamani."

"Mwenye namba amekufa."

"Poleni sana. Basi mnaweza kuomba mtandaoni."

"Mtandaoni watataka nini?"

Akatazama tableti yake. "Tarakimu."

Tukapiga simu hospitali. Mashine ikatuelekeza kwenye akaunti.

Jumapili tulikaa matanga nyumbani kwa marehemu. Neema alikuwa ameiweka simu ya mama yake mezani kando ya picha, imechomekwa kwenye chaji kama mwenyewe alivyozoea. Mchungaji alikuwa katikati ya sala simu ilipowaka na kulia. Wote tukafumbua macho. Mzee Byamungu alikuwa pembeni, tableti ya mjukuu mapajani, kidole bado kiko juu ya kioo.

"Neema," akauliza polepole, "yangu imefika?"

Neema akainama kuangalia. Kiooni palikuwa na alama ya kufuli tu, ujumbe umefichwa.

"Imefika, Mzee. Haifunguki."

Mchungaji akaendelea na sala. Mzee Byamungu akasogeza tableti karibu na jicho lake zima, akabonyeza tena. Simu ikawaka.