Usiku wa Saa Saba Mchana

Hadi leo nikinusa wino wa taipureta, pua yangu huongeza yenyewe harufu ya samadi. Ngoja nikusimulie.

Miaka michache baada ya Uhuru, alifika kijijini kwetu Qurus mama mmoja Mhispania anayenukia wino wa taipureta, mwandishi wa gazeti la kwao, aliyeandika habari za ngoma na hadithi za watu. Alikuwa mrefu hata ndege walitaka kumjengea kiota. Wiki nzima alikuja kuomba hadithi kwa bibi yangu, na wiki nzima Bibi alikataa: hadithi ikisimuliwa mchana, ng'ombe hupotea. Jioni nayo, mgeni alitakiwa awe amerudi misheni.

Siku ya mwisho, lori la Arusha lilikuwa linaondoka saa tisa.

“Nikirudi mikono mitupu, gazeti halinitumi tena popote,” aliniambia, machozi yakimlenga.

Nikamkimbilia Bibi. “Bibi, mhurumie!”

“Na ng'ombe wakipotea, utawatafuta wewe, bingwa wa usingizi?”

“Mpaka Endulen!”

Akacheka. “Haya, mwingize. Funga mlango, ziba na kidirisha.”

Tembe letu, nyumba ya udongo tuliyolala na ndama, likifungwa, giza lake ungelikata kwa panga ukauza vipande. Mgeni akapapasa daftari. “Sioni! Nileteeni taa.”

“Masikio yanataka taa ya nini?” akaniambia Bibi, nimtafsirie mgeni. “Aweke kalamu chini.”

Akasimulia habari za fisi aliyevaa ngozi ya kondoo akaenda kuposa. Katikati, ndama akamlamba mgeni kisigino. Ukelele wake ulisikika Mbulu. Tulicheka mpaka udongo wa paa ukatudondokea. Kisha mgeni akalikimbilia lori, daftari lake bado jeupe.

Miaka ikapita, padre wa misheni akaletewa kitabu kutoka Hispania: riwaya ya yule mama, nene kama tofali. Padre alipotusomea kwa Kiswahili, kumbe fisi amekuwa mwanasheria wa Madridi, kondoo mjane tajiri! Ndama tu ndiye aliyebaki ndama, bado analamba.

“Ameiharibu yote!” nikalalamika.

Bibi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. “Ameiharibu vizuri. Sasa ni yake.”

Nilielewa baadaye, nimeshaota ndevu, niko shule ya usiku nanakili ubao neno kwa neno bila kukumbuka lolote. Bibi alimnyang'anya mgeni kalamu ili hadithi imkae kifuani. Aliingia mwandishi wa gazeti, akatoka mwandishi wa riwaya, na mlango, msomaji wangu, niliufunga mimi.

Ng'ombe? Jioni ile niliwatazama mmoja mmoja. Walikuwepo wote, na ukiniuliza mimi, walikuwa wameongezeka.