Mashimo ya Mpakani

Emilian wa Puge ni dereva wa greda la halmashauri. Miaka yote, akifika kwenye jiwe la mpaka alinyanyua kisu cha kuchongea barabara, akageuza, akarudi. Ng'ambo ilikuwa barabara ya wenzao, na mashimo yao wenyewe. Mwaka huu halmashauri hizo mbili zimekubaliana kutumia greda moja, kwa hiyo safari hii alilipita jiwe akachonga mpaka mwisho.

Wakati wa kurudi alisimama kwa Bibi Levina, muuza karanga wa pale mpakani.

"Shikamoo, bibi. Barabara umeiona?"

"Marahaba. Nzuri kote, ila hapa kwenye jiwe umeruka."

Emilian akatazama. Alipolipita jiwe, mkono wake ulikuwa umenyanyua kisu kwa mazoea.

"Sasa haya mashimo ni ya halmashauri ipi?" akauliza Levina.

"Yangu," alijibu Emilian, akaliwasha greda na kushusha kisu.