Tume ya Usafiri Iliyofika kwa Miguu

Kabla hajawa mbunge, mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Chemchem, mjini Tabora. Katika uchaguzi chama kilimpa alama ya jembe na mpinzani wake alama ya nyumba, ingawa mume wangu hakuwahi kulima hata tuta moja la viazi, na yule mpinzani alikuwa mpangaji. Watu wakachagua jembe. Nadhani walimchagua kwa sababu wengi wao alikuwa ameshawashonea suruali, na suruali zake hazikuwa zikifumuka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni upande wa Usinge, magharibi, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Wazazi wangu walilima tumbaku na kufuga nyuki, na nyumba yetu ilikuwa ndani ya msitu, karibu na mizinga ya baba. Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, walivunjiwa nyumba wakapelekwa kando ya barabara, mbali na mizinga na mbali na stesheni pia. Barabara yenyewe ilikuwa ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Waliambiwa kwamba mtu akikaa kando ya barabara, huduma zitamfuata: shule, zahanati na basi. Shule ilikuja. Zahanati ilipata kuta, ikabaki inangoja paa. Basi halikuja kabisa. Barabarani zilipita baiskeli, mbuzi, na wao wenyewe. Tumbaku ikawa inaota ukungu ghalani huku redio ikiwahimiza walime zaidi.

Nilipotoka kuwatembelea nilimwambia mume wangu, "Baba Watoto, wale watu waliokupa kura wanauliza basi."

"Nitaliulizia bungeni," alisema. Alikuwa na pini mdomoni, anapima pindo la kanzu. Ubunge haukumtoa kwenye cherehani.

Na kweli aliuliza. Aliporudi alinisimulia yote, naye alikuwa hodari wa kuigiza sauti za watu. Alisimama akasema, "Je, Serikali haioni kwamba wananchi waliohamishiwa barabarani wanastahili gari la kupita kwenye barabara hiyo?"

Naibu Waziri akasimama akajibu, "Serikali inaona." Akaketi.

Mume wangu akaomba swali la nyongeza. "Kama Serikali inaona, itatenda lini?"

"Serikali inaona kwamba jambo hilo linahitaji kuangaliwa," akajibu Naibu Waziri, na wabunge wakapiga makofi.

Kikao kilichofuata aliuliza tena, akaambiwa suala liko mbioni. Alisema kwamba wananchi wake nao wako mbioni, kwa kuwa hawana njia nyingine ya kufika stesheni. Spika akamtaka afuate kanuni. Hakunyamaza. Aliomba sera nzima ya usafiri iletwe mezani, akaisoma usiku na mchana kama mtu anayetafuta mshono uliopindana, na kila kikao akawa na swali juu ya ukurasa mwingine. Mwisho wizara ilichoka naye. Ikaunda tume ya kwenda kujionea.

Tume ilikuwa na mwenyekiti, mtu mnene, mpole, mwenye suti ya mikono mifupi ya viongozi, pamoja na wataalamu wawili wenye mikoba mizito. Nami nilienda, kwa sababu akina mama wa chama waliniagiza nisimamie chakula cha wageni, na kwa sababu nilitaka kuwaona wazazi wangu. Tulipanda treni Tabora ili tufike Usinge Jumamosi asubuhi. Treni ilisimama porini muda mrefu, ikaenda, ikasimama tena. Mume wangu alimuuliza mwenyekiti kama anaandika hayo.

"Hapana, Ndugu Mbunge," alisema mwenyekiti. "Kuchelewa kwa treni hakumo katika kazi tuliyopewa. Sisi tumetumwa kuangalia barabara."

Tukafika Usinge Jumapili, alasiri. Vijana wa sasa hawatajua maana yake. Siku zile mafuta yalikuwa adimu, na serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Landrova ya idara ilikuwa inatungoja nje ya stesheni, imeoshwa ikang'aa. Kando yake alikuwa amesimama askari polisi, kijana mwembamba, ufunguo wa gari mkononi.

"Shikamoo mzee," alimwambia mwenyekiti. "Naomba kibali."

Kibali kilikuwa cha Jumamosi. Hakuna aliyefikiri kwamba Jumamosi ingeisha tukiwa njiani.

"Kijana," alisema mwenyekiti, "sisi ni Tume ya Usafiri. Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana naogopa. Nikikuachia wewe, kesho wataniambia napendelea wakubwa. Kibali kipya kinatolewa Tabora."

"Na Tabora nitafikaje?"

"Kwa treni, mzee. Ipo kesho kutwa, ikijaliwa."

Mume wangu alikuwa ameegemea nguzo ya taa. Nilimjua. Alikuwa na furaha kuliko siku aliyotangazwa mshindi. Akasema taratibu kwamba kijiji si mbali sana, wananchi wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kwamba wanatusubiri. Mwenyekiti aliiangalia barabara, akaiangalia Landrova, akakubali. Akawaita wanaume waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, akawaomba wabebe mikoba na sanduku lake.

Mmoja wao, mkulima wa makamo, alisimama akavua kofia. "Ndugu Mwenyekiti, babu zetu walibeba pembe na nguo za watu kwenye njia hii hii mpaka pwani. Juzi tumeambiwa mkutanoni kwamba enzi hiyo imekwisha, na anayetaka kuirudisha ni mnyonyaji. Sisi hatupendi uingie matatani."

Sikuweza kujua kama anatania. Uso wake haukuonyesha kitu.

Basi tume ilijibebea. Mimi nilijitwika sufuria ya mchele kichwani juu ya kata ya khanga, mume wangu akachukua birika na mkungu wa ndizi. Wataalamu walibadilishana mikono kila mara, halafu mmoja akajaribu kuweka mkoba kichwani, ukamwanguka mchangani. Nilimkunjia khanga yangu ya pili nikamwonyesha. Baada ya hapo alitembea vizuri, shingo imenyooka, na mwenyekiti naye akaomba kata. Hivyo ndivyo Tume ya Usafiri ilivyosafiri, mizigo kichwani, kwenye mchanga wa njia ya Ujiji.

Tulikuta kijiji kizima kiko barabarani. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Walikuwa na robota za tumbaku, madebe ya asali, na kuku waliofungwa miguu. Nilicheka kwanza, nikidhani ni maonyesho ya mazao. Halafu nikaona mama yangu anachungulia nyuma yetu, mkono juu ya macho.

"Basi liko nyuma?" aliniuliza.

Walikuwa wameambiwa kwamba watu wa basi wanakuja. Walielewa kwamba wanakuja na basi. Bibi mmoja jirani wa wazazi wangu, mwenye jicho lililovimba, alikuwa amefunga kitambaa chenye vyombo vyake, tayari kwenda hospitali ya Tabora. Mume wangu alichuchumaa mbele yake akamwamkia. Furaha ya stesheni ilikuwa imemtoka.

"Marahaba, baba," alisema bibi. "Walinihamisha ili niwe karibu na barabara. Sasa niko karibu nayo."

Mwenyekiti alisikia. Aliinama akajipangusa mchanga kwenye viatu, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Asubuhi, kwa kuwa Landrova ilibaki stesheni, bibi alikalishwa nyuma ya baiskeli ya ndugu yangu, kila mtu akishika upande, tukarudi naye stesheni. Jicho hilo halikupona, ila lingine liliokolewa.

Ripoti ilisomwa bungeni baadaye. Tume ilijiridhisha kwamba barabara inapitika, kwani yenyewe ilipita. Ilisifu utamaduni wa kihistoria wa wakazi wa huko wa kusafiri kwa miguu, ikapendekeza udumishwe, hasa wakati huu wa uhaba wa mafuta. Mume wangu aliomba nafasi akasema kwamba kama ni hivyo, wizara iwapeleke wale wataalamu warudi kubeba tumbaku, maana mmoja wao ana shingo nzuri. Spika alimtaka aondoe kauli.

"Naiondoa," alisema. "Tumbaku ibaki kijijini."

Uchaguzi uliofuata chama hakikulirudisha jina lake, akarudi cherehanini kutwa nzima. Wizara ilitimiza jambo moja: ilisimamisha nguzo kijijini yenye kibao cha kituo cha basi. Ilikuwa nguzo nzuri ya chuma. Mama alianikia nguo kwenye kamba iliyofungwa pale.

Baada ya mwaka hivi, mfanyabiashara wa Ipuli, Tabora mjini, mwenye lori bovu alianza kupita kuchukua asali na nta, akawa anapakia na watu juu ya mizigo. Hakuwa na leseni ya abiria. Safari hii serikali haikuchelewa: mkaguzi alifika kwa gari, siku ya kazi, kibali mkononi, akaagiza lori likome. Wanakijiji walimsikiliza kwa adabu na kumpa asali. Alipogeuka kuondoka alikuta wameshajaa nyuma ya gari lake na robota zao, wametulia, wanangoja aondoe breki. Akauliza kama wote wanaenda stesheni. Wakasema ndiyo. Akawapeleka, na agizo lake juu ya lori hakulikumbusha tena.