Severa na Desemba Zilizokatika

Kama kuna mtu Kariakoo aliyewahi kumshinda Severa kwa ubishi, bado hajajitokeza. Mwanamke huyu mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ni katibu wa umoja wa wauza nafaka tangu mwaka tisini na saba. Alitoka chuoni Magogoni akijua kupiga chapa bila kutazama vidole, na kuandika hatimkato, ile michirizi ya haraka ambayo asiyefundishwa hudhani kuku kakanyaga wino akapita. Wenyeviti sita wamekuja na kuondoka. Yeye yupo.

Mwaka huu akafariki Bakili, muuza mchele. Mkewe, Sabaha, aliyeuza naye kwenye kizimba chao cha sokoni miaka kumi na tisa, akaingia eda. Hata arobaini haijafika, tangazo likabandikwa: kizimba hakina mwenyewe, Jumamosi kitapewa mwombaji mwingine. Sabaha akampigia Severa simu.

"Dada Severa, mie nipo eda, siwezi kuja kikaoni. Nikinyang'anywa kile kizimba wanangu watakula nini? Si mlishapitisha kwamba mjane anabaki?"

"Tulipitisha, na niliandika kwa mkono wangu. Tulia mdogo wangu, nakutafutia."

Alisema hivyo kwa sababu uamuzi aliukumbuka. Mwaka gani, na kwa ajili ya nani, hakukumbuka hata chembe. Vikao karibu mia tatu vimeingia masikioni mwake vikatokea vidoleni, kichwani havikulala.

Akamwendea mwenyekiti, Filbert, kijana wa Marangu wa miaka thelathini na nane, muuza maharage. Filbert si mtu mbaya. Ni mtu wa ushahidi, na watu wa ushahidi wana uchovu wao.

"Shikamoo mama. Mimi sina ugomvi na mama Sabaha. Ila tulikubaliana wote, kisichokuwemo kwenye mfumo hakipo. Tafuta, ukikipata kilete."

Mfumo wenyewe ulitengenezwa miaka minne iliyopita na Khalfani, fundi wa programu mwenye ofisi ghorofani Mtaa wa Narung'ombe. Severa alimpa mihtasari yote aliyokuwa ameichapa, mwaka mmoja faili moja, kama alivyozoea kuijalidi. Khalfani akaiingiza hivyo hivyo kwenye hifadhidata: mwaka mmoja, mstari mmoja wa jedwali. Kamati ilivyofurahi, ikauza vitabu vya karatasi kwa wauza karanga. Severa alilia siku ile, na wiki mbili baadaye alinunua karanga zilizofungwa ndani ya kikao cha mwaka 2003. Kompyuta yake ya zamani nayo ilishakufa.

Jumanne ya wiki hiyo akakaa mbele ya mfumo, akaandika "mjane". Hakuna. "Mke wa marehemu". Hakuna. Alipoandika "kizimba" yakaja matokeo kibao, lakini yote ni ya ufagio na maji machafu.

Mwingine angefunga kompyuta akaenda zake. Severa alivaa miwani akaanza kusoma mwaka mmoja mmoja kwa macho. Mwaka 2011 ulikwenda vizuri, Januari, Februari, mpaka Desemba dondoo ya tatu, pakaandikwa: "Wajumbe wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mche". Basi. Kama ni mchele au mchezo, Mungu ndiye anajua. Akafungua 2012, nao ukafia Desemba. 2006, vilevile.

Maana Desemba si mwezi wa mchezo. Nusu ya umoja ule ni Wachaga, na Mchaga ikifika Desemba akili yake imeshapanda basi la kurudi kwao Moshi kwa Krismasi. Mambo mazito yaliyoogopwa tangu Januari yalirundikwa kwenye Mengineyo, dondoo ya mwisho ya kikao cha mwisho wa mwaka, yakapitishwa watu wamesimama, mabegi mkononi. Umoja mzima ulikuwa umeamuliwa ndani ya Mengineyo za Desemba, na zote hazikuwemo.

Akapanda ngazi za Khalfani bila kupumzika. Khalfani alitazama dakika tatu tu, akajishika kichwa.

"Nimekosa, mama yangu. Safu niliyoiwekea mihtasari inabeba herufi elfu sitini na tano na ushee. Ni kama debe, likijaa linamwagika. Miaka yenu ilikuwa mirefu kuliko debe."

"Na mbona halikupiga kelele?"

"Kelele, yale maonyo ya mfumo, nilizizima mimi. Zilikuwa zinanisumbua."

Severa alimtazama mpaka yule mwanamume mzima akainamisha uso. "Sasa sikiliza. Debe libadilishe, weka kubwa. Halafu kila kikao kiwe na mstari wake na tarehe yake, mwaka usikae tena pamoja kama gunia. Na kila neno litafutike. Mimi naleta Desemba."

"Utazitoa wapi, mama?"

"Kwangu."

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati limejaa madaftari ya hatimkato. Mwalimu wa Magogoni aliwaambia wasitupe daftari hata likiisha, na mwisho wa kila kikao wajumbe wawili wasaini papo hapo. Severa ni mtu wa kushika alichoambiwa. Alianza na daftari la juu, la karibuni, akarudi nyuma, akisoma na kuchapa. Jumatano alimaliza Desemba za miaka tisa. Alhamisi, za miaka minane. Shingo ilimuuma, vidole vikavimba, akavichovya kwenye maji ya chumvi akaendelea. Hasira ndiyo iliyombeba, hasira ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa kisha akaambiwa haikufanyika.

Ijumaa alasiri alifika mwaka 1998. Akasoma mstari mmoja, mikono ikasimama. Akausoma tena, akacheka peke yake.

Jumamosi, mbele ya kikao kizima, akamsogezea mwenyekiti kompyuta. "Tafuta mwenyewe, baba. Andika 'mjane'."

Filbert akaandika. Tokeo moja. Akaanza kusoma kwa sauti ya mwenyekiti: "Mengineyo. Kizimba cha marehemu Aristides kibaki kwa mkewe, Evarista, na kuanzia leo iwe hivyo kwa kila mjane wa mwanachama." Akarudi kwenye majina yale mawili. Aristides ni baba yake. Evarista ni mama yake.

"Hii... Mama, samahani, hii umeichapa jana."

"Nimeichapa jana." Severa akafungua daftari lililogeuka manjano. "Haya ya juu huwezi kuyasoma. Soma chini."

Chini palikuwa na saini mbili. Ya pili ilianza na E iliyokunjwa mkia, ileile iliyokuwa ikisaini ripoti za shule za Filbert.

"Niliambiwa mjomba ndiye aliyetushikia kizimba," alisema polepole.

"Mjomba wako alikitaka, baba. Mama yako alisimama hapo ulipo wewe, akamkatalia."

Filbert akauliza kama kuna anayepinga Sabaha kubaki. Hakukuwa na mkono. Severa akachora uamuzi kwa hatimkato, kisha akauchapa kwenye mstari wake, na tarehe yake. Akatafuta "mjane". Matokeo mawili.

Alipoinua macho, Filbert alikuwa ameshavuta daftari kwake, anasaini chini ya michirizi asiyoweza kuisoma.