Mitaro Mitano ya Mwanabaraka

Mama mkubwa wangu, Mwanabaraka binti Sadallah, alilima mpunga bondeni chini ya Buguruni tangu hajavunja ungo. Shamba lilikuwa la babu yake, aliyechimba mitaro mitano ya kutoa maji, maana masika ya huko huzamisha mpunga.

Mwaka wa 1934 wakaja watu wa afya. Mitaro inazaa mbu, wakasema, ifukiwe, na atakayekaidi atafungwa. Mama mkubwa alikuwa akiwaogopa askari kuliko chatu. Aliifukia yote kwa jembe lake, siku kumi na moja, na mimba ya miezi sita. Tangu hapo kila masika nusu ya mpunga ilizama, naye akazidi kupanda.

Miaka kumi na mitano baadaye serikali ikalitaka bonde ijenge maghala. Kila mwenye shamba athibitishe kuwa ni lake. Yeye karatasi hana, akataja mitaro ya babu yake. Wapimaji walipofika wakaona ardhi sawasawa. Akawaeleza kwamba palipokuwa na mitaro mpunga hukawia kukauka. Walimcheka.

Ndipo ikapita ndege ya serikali, ikapiga picha za bonde. Projestus, karani wa Kihaya wa ofisi ya ardhi aliyekuwa mpole kwetu, akatuita ofisini. Pichani mlikuwa na mistari mitano myeusi, imenyooka mpaka kijitoni. Mama mkubwa aliitambua mmoja mmoja kwa kidole, kisha akapiga kigelegele mle mle ofisini. Mie nami nikavimba kichwa, mjinga mkubwa.

Mzungu, mkubwa wake, aliitazama picha kwa lenzi, akasema maneno yake. Projestus akatafsiri huku anaangalia meza.

"Bwana anakubali, Bibi. Mitaro ipo, tena ya zamani sana."

"Si niliwaambia!"

"Lakini imefukiwa. Anasema wenyewe walioichimba waliliacha shamba, wakahama. Anayelima sasa ni mgeni aliyejipandia tu."

"Mgeni mie? Nyie ndio mlioniamrisha nifukie!"

"Unayo barua ya amri hiyo, Bibi?"

Barua! Walikuja na fimbo na midomo, barua wangemwandikia nani? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ofisini pale waliishia kwenye kunyonga. Projestus akamsogezea wino wa dole gumba, akamwomba radhi kwa sauti ndogo. Mama mkubwa alipewa mpaka mwisho wa mwezi aondoke, na mpunga ulikuwa bado mbichi.

Njiani nilikuwa na hasira hata nikamkosea adabu. Nikamuuliza kwa nini mwaka ule hakuwakatalia watu wa afya.

Alisimama, akajifunga kanga upya.

"Ningewakatalia, wangenifunga. Nimewatii, wamenifukuza. Basi nambie wewe uliyesoma, mwanangu, ningefanya lipi?"

 Mama mkubwa amekufa miaka mingi sasa, na jibu bado sina.