Kipande cha Chinongwe

Ofisi yetu ya Nachingwea ilikuwa na kompyuta moja, na mwendeshaji wake nilikuwa mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa wakija dirishani kwetu kuchukua salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho. Jina lako likionekana kwenye mashine, unapewa mfuko. Lisipoonekana, unarudi kutazama ugonjwa wa ubwiri unga ukimaliza maua ya mikorosho yako.

Mwanzoni mashine ilinitia aibu. Majina yote yalikuwa kwenye jedwali moja refu, na kila nilipotafuta jina iliyasoma tangu mstari wa kwanza. Watu walikaa chini wakala mihogo yao, wakaanza kuniita Bwana Subiri. Nilichukia, na wao walijua.

Nikajifungia na kitabu cha kozi niliyoisomea Dar es Salaam. Nikaligawa jedwali vipande, kila kata na kipande chake, na kila kipande nikakiwekea faharasa ya majina. Bado ikajikokota. Nilihangaika sana kabla ya kuelewa kwamba nisipoitajia kata, mashine inalazimika kupekua faharasa za vipande vyote. Nikiitajia, inakwenda kwenye kipande kimoja tu na jibu linatoka kabla sijainua kidole. Basi nikaweka sharti: bila kata, hakuna kutafuta. Kila aliyefika dirishani nilimuuliza, "Kwenu wapi?"

Foleni ikaanza kwenda. Nikavimba kichwa, sitaki kudanganya.

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, Kiswahili chake kimejaa Kimwera.

"Kwetu Chinongwe," akasema.

Nikabonyeza. Jibu likatoka papo hapo.

"Humo, mama."

"Nimo, mwanangu. Mwaka jana nilichukua hapahapa."

"Mashine haisemi uongo. Anayefuata."

Hakuondoka. Alishika nondo za dirisha, akasema mikorosho yake imeshachanua na hana kingine cha kumlisha mwaka mzima. Nyuma yake alisimama mwalimu mmoja, mtu wa Mwanza aliyehamishiwa kata ya Likunja na kununua mikorosho yake michache huko. Aliinama dirishani, akanielewesha polepole kwa lafudhi yake ya Kisukuma.

"Kaka, hawa Wamwera wanafuata upande wa mama. Ukimuuliza kwao, anakutajia walipo wajomba zake. Huyu ni jirani yangu, mikorosho yake iko Likunja. Wewe waulize shamba liko wapi."

Watu wakacheka. Nikatikisa kichwa kama ninayesikia jambo geni, huku uso ukiniwaka. Mama yangu mzazi amezaliwa Chinongwe. Mimi nilizaliwa hapahapa Nachingwea mjini, baba akiwa karani, lakini tangu utoto nilifundishwa kwamba kwetu ni Chinongwe, kwa wajomba. Wenzangu wa ofisini walikuwa watu wa Mbeya na Moshi. Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam niliwaacha waamini kwamba mimi pia ni wa kuja, na Kimwera sikukitamka tena mbele ya mtu. Niliona aibu kwa kosa lile, na aibu kubwa zaidi kwa kukaa pale nikifundishwa desturi ya mama yangu na mtu wa Mwanza, nami nimenyamaza.

Nikaandika Likunja. Jina lake likatokea upesi vilevile. Nikamwomba radhi, nikatoka mwenyewe kumkabidhi mfuko na kumsaidia kuutwika kichwani.

Watu walikuwa bado wanacheka. Yule mama akawageukia.

"Msimcheke," akawaambia. "Mgeni huyu. Angejuaje?"

Nikasema, "Asante, mama," kwa lafudhi ya Dar es Salaam.