Mshale wa Kaskazini

Mimi nina hasira za karibu. Sijivunii, ila siwezi kuyaeleza mambo ya Goba bila kuanzia hapo, kwa sababu hasira hizo ndizo zilizoniponza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shirika la umma nililolifanyia kazi ya fundi sanifu lilikuwa limetupunguza, watu wengi kwa siku moja, na nilikaa nyumbani Kinondoni miezi kadhaa nikikaanga maandazi ya kuuza huku rula na kalamu zangu za kuchorea zikishika vumbi juu ya kabati. Ndipo mbunifu mmoja wa majengo, aliyewahi kuwa bosi wangu, akapata kazi ya kujenga zahanati yenye wodi ya wazazi huko Goba, pembezoni mwa Dar, kwa msaada wa wafadhili. Akaniita. Nitachora, nitasimamia, nitakabidhi, kuanzia karatasi tupu mpaka kitasa cha mlango. Akanieleza pia, bila kuzunguka, kwamba wafadhili hawakupenda kusikia msimamizi ni mwanamke, na kwamba nikiharibu hatakuwa na la kunitetea. Nilitoka pale nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Siku hizi wangeliita jengo la kijani. Wakati ule hatukuwa na jina. Wafadhili walisema tu wanataka jengo lisilohitaji feni, lisilomaliza miti wala kula saruji nyingi. Kwa hiyo tulitumia udongo mwekundu wa palepale, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukomazwa kivulini badala ya kuchomwa kwa magogo. Maji ya mvua yangetoka kwenye paa yakaingia kwenye tangi. Na jengo lote lilazwe mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute ukuta mfupi usio na dirisha, na madirisha yatazame kaskazini na kusini, yapate upepo mwaka mzima. Kila karatasi niliianza kwa kuchora mshale wa kaskazini. Niliupenda mshale ule, nikauchora kwa madaha kama mtu anayeweka saini.

Watu wa Goba hawakuvutiwa. Walikuwa wametoka kwenye miaka ya kupanga foleni na kuomba kibali kwa ajili ya mfuko mmoja wa saruji. Sasa saruji imejaa madukani, tena kiwanda kiko Wazo hapo jirani, mimi nawaletea habari za udongo. Kwenye mkutano bibi mmoja, mkunga wa jadi aliyewazalisha karibu nusu ya wanawake waliokuwepo, aliniuliza kama na wake wa wakubwa kule Masaki wanazalia kwenye udongo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa iliniuma. Nikampa tofali moja la mfano, nikamwomba akaliloweke kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake. Alilirudisha likiwa zima, akaligonga kwa kidole, akasema haya, tutawaletea maji. Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi na wanawake kama kumi, ndoo kichwani, maana matofali yale yanafunikwa nyasi na kumwagiwa maji siku nyingi ndipo yakomae.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa hapohapo, Mzaramo, rika la baba yangu, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Nilimwamkia shikamoo kila nilipofika, na nusu saa baadaye tulikuwa tunabishana. Siku moja nikamkuta amejenga ukuta chini ya madirisha ya wodi mpaka ukapita ramani kwa futi mbili. Alinieleza kwa upole kwamba mzazi hafai kuchunguliwa na wapita njia. Sikumwacha amalize. Madirisha yakiwa juu namna ile upepo ungepita darini, aliyelala kitandani asiupate kabisa, na upepo ndio uliokuwa roho ya kazi nzima. Mbele ya vibarua na akina mama wa ndoo nikamwambia:

"Mzee, wewe fuata ramani. Hapa wa kufikiri ni mimi."

Akasema sawa, mama, akachukua nyundo yake akabomoa. Upepo nilikuwa nimeujua vizuri. Adabu ndiyo iliyonishinda, na nililijua hilo kabla hata sijafika nyumbani. Lakini sikurudi kumwomba radhi. Nilijiambia kazi ni kazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri mno. Fundi hakutoka nje ya ramani hata kwa upana wa kidole. Kuta za wodi zilisimama, paa likaezekwa, tukahamia vyooni: vyoo vitatu vya shimo nyuma ya wodi, vimepangwa ubavu kwa ubavu, milango yote ikitazama kusini. Tukamwaga sakafu, matundu yakakaa mahali pake, kuta zikafika kifuani. Ndipo ndoo zikakoma.

Siku ya kwanza walikuja wanawake wanne. Siku ya pili hakuja mtu. Nilidhani kuna msiba, nikamfuata bibi mkunga kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipakulia mihogo ya nazi, akaniulizia watoto na mama yangu, na nilipogusia maji akasema kuna shughuli nyingi tu. Nikamwuliza moja kwa moja kama jengo likiisha atawaleta wazazi. Akasema, Mungu akipenda. Kwa namna alivyolisema nilijua hatawaleta. Hakuna mwanamke wa pale ambaye angeingia kwenye wodi ile bila bibi yule kumshika mkono. Wangeendelea kujifungulia kwenye vyumba vyao vya giza, wengine wakitokwa damu mpaka usafiri upatikane, na wodi yangu yenye upepo mzuri ingegeuka stoo ya mahindi. Nilirudi kwenye jengo.

Nikamkuta fundi amekaa kwenye kigoda anakunywa kahawa. Nikakaa chini, sakafuni, nikamwuliza wamechukizwa na nini. Alimaliza kahawa yake kwanza. Kisha akaniuliza ule mshale wangu wa kwenye karatasi unaonyesha wapi.

"Kaskazini," nikasema.

"Na kibla ni upande gani?"

Mimi ni Mkristo wa bara. Nilikuwa nimekaa Dar miaka mingi, naamshwa na adhana kila alfajiri, nawaona majirani wakitandika mswala uani, na sikuwahi kujiuliza wanatazama wapi. Ukiwa Dar, Makka iko kaskazini, karibu sawasawa na mshale wangu. Mtu akichuchumaa kwenye vyoo vyangu, ama anaelekea kibla ama anaipa mgongo, na Mwislamu hafanyi hivyo akiwa anajisaidia. Vyoo vyote vya mtaa ule vimekaa kwa upande mwingine. Nilikuwa nimevitumia miezi mitano bila kuona. Akina mama waliona siku ileile sakafu ilipomwagwa, lakini habari za choo hazisemwi mbele ya mgeni, hasa mgeni msomi aliyekuja kuwajengea. Wakaona haya, wakaniachia vyoo vyangu, wakarudi makwao.

Nikamwuliza fundi, sauti ikianza kunipanda, kwa nini basi yeye hakuniambia.

"Ulisema wa kufikiri ni wewe, mama."

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kipimo ulichompa mwenyewe. Nililia pale sakafuni, na sioni aibu kuliandika.

Ijumaa ya wiki ile bosi alikuwa aje na mkaguzi wa wafadhili, na mkataba ulikataza kubadili kitu bila saini yao. Nikisubiri saini, vyoo vitakuwa vimekaguliwa na kupokelewa vilivyo. Nikibomoa, nimeuvunja mkataba kwa mkono wangu. Nilifikiria maandazi. Kesho yake asubuhi nikawakusanya vibarua, nikatuma ujumbe kwa bibi mkunga, naye akaja na wenzake wakasimama mbali kidogo.

"Mzee," nikasema, "nilikukosea mbele ya watu hawa, naomba unisamehe mbele yao. Na naomba utusaidie kufikiri."

Akasema yamekwisha. Halafu akaokota kijiti, akachora chini: kuta za katikati zitoke, vyumba vitatu viwe viwili vipana, matundu yageuzwe yakae kwa ubavu, cha tatu kijengwe pembeni na shimo lake. Tulianza saa ileile. Hapo ndipo nilipoushukuru udongo ule kwa moyo wangu wote, kwa kuwa matofali tuliyoyabomoa yalitoka karibu yote mazima, na yaliyovunjika tukayaponda, tukayaongezea saruji kidogo, tukayarudisha kwenye mashine. Ndoo zilirudi kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kibla. Bibi mkunga aliniuliza tu kama nimekula.

Ijumaa mkaguzi alifungua ramani, akatazama vyoo, akatazama tena ramani, akamgeukia bosi. Bosi akanigeukia mimi. Nikaeleza yote, na la hasira pia. Bosi akaichukua ramani akaitazama mwenyewe, nami nikawa najiandaa kurudi kwenye maandazi.

"Mie naswali swala tano," alimwambia mkaguzi, "na ramani ile niliipitisha mwenyewe."

Akatoa kalamu akasaini mabadiliko juu ya boneti ya gari, kisha akampa mkaguzi naye asaini. Mpaka leo nikimkumbuka bosi yule namwombea heri, maana angeweza kunitupa na hakuna ambaye angemlaumu.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na viti vya kukodi, mgeni rasmi na hotuba. Hotuba ikiwa katikati, nikamwona bibi mkunga akinyanyuka na kanga zake mpya, akazunguka nyuma ya wodi. Aliingia choo cha kwanza, akatoka, akaingia cha pili, kisha cha tatu. Sikusikia tena mgeni rasmi alisema nini. Bibi alirudi akakaa kando yangu, akaninong'oneza: "Panaingilika, mwanangu."

Wiki ileile alimleta mkwe wake, akajifungua salama mtoto wa kike. Nilikwenda na fundi kumpa pole ya uzazi. Upepo ulikuwa unapita vizuri juu ya vitanda, kama nilivyouchora. Na kwenye madirisha yangu yale ya chini, nusu ya chini tu, bibi alikuwa amefunga vipande vya kanga ili mzazi asichunguliwe na wapita njia.

Fundi akazitazama zile kanga. Akanitazama mimi.

"Sema tu, mzee," nikamwambia.